Usikivu na Teknolojia Mpya: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Maelezo kwa wananchi wa Kata ya Kiwangwa



Tunawashukuru kwa kuacha mashamba ya mananasi asubuhi hii ili tuzungumze habari ya masikio. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu fulani wa usikivu, na kati yao milioni 430 wanahitaji huduma ya utengamao. Tatizo hili, basi, si aibu ya mtu wala ya ukoo.

Teknolojia imesogeza huduma karibu. Kipimo kilichohitaji chumba maalumu sasa chaweza kufanywa kwa kishikwambi na visikizi, mtaalamu akakibeba hadi kijijini. Shime sikio za kidijiti hurekebishwa kwa kompyuta zilingane na sikio la mtumiaji. Kwa watoto wasiosaidiwa na shime sikio, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu hapa hapa nchini.

Hata hivyo, chombo kipya hakimfanyi anayekimiliki kuwa mtaalamu. Tuseme babu ameuza mananasi yake, naye akakutana na muuzaji aliyempima kwa dakika tano kando ya barabara yenye kelele. Babu akalipa, akarudi na kifaa kinachokuza kila sauti sawasawa: pikipiki, kuku na maneno ya wajukuu. Baada ya wiki moja kifaa kimetupwa kabatini, naye anaamini sikio lake limekufa. Hapo babu amepoteza fedha, na amepoteza pia tumaini la kusaidiwa.

Ndiyo maana tunawasihi muulize maswali matano.

Kwanza, je, sikio limechunguzwa kwa macho kabla ya kupimwa? Nta iliyoziba, au usaha utokao sikioni, huhitaji tiba na wala si kifaa.

Pili, kipimo kinafanyika mahali gani, na mashine ilisawazishwa lini? Kelele hufunika sauti ndogo, na mtu mzima wa masikio akaonekana mgonjwa. Mashine za kupima usikivu hupaswa kusawazishwa angalau mara moja kwa mwaka. Kipimo cha simu hutambua anayehitaji uchunguzi zaidi. Peke yake hakitoshi kuwa msingi wa kununua kifaa.

Tatu, mpimaji ana sifa na leseni gani? Mtaalamu wa kweli hakasiriki akiulizwa. Naye hukupa matokeo kwa maandishi, yakionyesha kila sikio peke yake, ili uweze kuyapeleka kwingine.

Nne, kifaa kimesajiliwa? Chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, shime sikio ni kifaa tiba. Vifaa vya kukuza sauti viuzwavyo kiholela havirekebishwi kwa kipimo cha mtu, na vikipaza kupita kiasi vyaweza kuharibu usikivu uliobaki.

Tano, baada ya kununua nitamwendea nani? Kifaa huhitaji kurekebishwa upya baada ya majuma machache, kwa kuwa ubongo nao hujifunza kusikia tena. Uliza bei ya ziara hizo, ya betri na ya matengenezo, kisha dai risiti na hati ya dhamana.

Kwetu pwani unyevunyevu na jasho la shambani ni adui wa kifaa. Usiku fungua kibweta cha betri, uhifadhi kifaa ndani ya chombo chenye vidonge vya kukaushia, usikianike juani. Iwapo umeme nyumbani si wa uhakika, fikiri kabla ya kuchagua kifaa cha kuchaji. Betri za kifungo ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza betri, au akiiingiza puani au sikioni, apelekwe hospitali mara moja, maana yaweza kumuunguza ndani ya saa chache.

Mwisho, akina mama, mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, au aliyechelewa kutamka maneno, asiambiwe atakua nalo. Lugha hujengwa katika miaka ya mwanzo, na kila mwezi unaopita bila kusikia ni vigumu kuufidia. Mpelekeni kituo cha afya apewe rufaa.

Ukiuziwa kifaa unachokitilia shaka, usikitupe. Kitunze pamoja na kifungashio na risiti, utoe taarifa kituo cha afya au ofisi zetu za Mamlaka. Kuuliza si ujinga, na anayelipa ana haki ya kujibiwa.