Kuitayarisha Nyumba Kabla ya Kuoshwa kwa Mashine ya Maji

Leo nitazungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni kuitayarisha nyumba upande wa nje, kabla fundi hajaja kuiosha kwa mashine ya maji.

Kila mkaaji wa pwani yetu, tangu Moa mpaka Tanga, Tongoni na Pangani, ajua jinsi kuta zetu zinavyochakaa upesi. Masika huja Machi mpaka Mei, vuli huja Oktoba mpaka Desemba, na baina ya mvua hizo upepo wa bahari hutuletea unyevu na chumvi. Kuvu nyeusi hupanda tangu msingi, na chini ya paa hushuka michirizi ya kijani. Zamani tuliosha kwa ndoo na kumbi la nazi, kisha tukapaka chokaa. Siku hizi wako mafundi wenye mashine, ambao huweza kuimaliza nyumba ndogo kwa asubuhi moja. Kazi yao ni njema. Lakini nusu ya kazi hiyo ni ya mwenye nyumba, nami nilijifunza neno hili kwa hasara.

Miaka michache iliyopita dada yangu alikuwa akiolewa, na harusi ilikuwa ifanywe nyumbani kwa mama yetu, huko Pangani. Nyumba ile aliijenga babu kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nami, kwa kutaka sifa mbele ya wakwe, nikamwita fundi mmoja, ambaye jina lake silitaji, nikamlipa fedha yake, nikaenda zangu sokoni. Sikumwonyesha ukuta, wala yeye hakuniuliza. Niliporudi nilikuta lipu imeanguka mahali pakubwa kama jamvi, mawe yako wazi, na baraza imejaa mchanga.

Mama alikuwa amekaa chini ya mwembe. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, wewe wafundisha walimu. Ukuta huu babu yako aliukandika kwa chokaa. Mbona hukuniuliza kwanza?"

Sikuwa na jibu. Harusi ilifanywa, na upande ule tuliufunika kwa makuti na maua. Lakini kuutengeneza ukuta kulinigharimu mara nne ya ujira wa kuosha. Fundi alikosa, lakini kosa la kwanza lilikuwa langu.

Basi, jambo la kwanza ni kuzijua nguvu za mashine. Tupime kwa kilo juu ya sentimita moja ya mraba, yaani mahali penye ukubwa wa ukucha. Maji ya mfereji wa nyumbani husukuma kwa kilo 2 mpaka 5 hivi. Maji yaliyo ndani ya mpira wa mashine ndogo husukumwa kwa kilo 100 na zaidi. Maji hayo hung'oa uchafu, lakini hayawezi kupambanua uchafu na ukuta. Kupambanua ni kazi ya mtu.

Jambo la pili ni kuujua ukuta wako. Nyumba ya miti na udongo isioshwe kwa mashine kabisa. Ukuta wa matofali ya saruji, kama hii itengenezwayo Pongwe tangu mwaka 1980, huweza kuyastahimili maji, mradi lipu yake ilichanganywa vema na imeshika. Ukuta wa matumbawe na chokaa wataka upole: ndoo, brashi laini na maji ya mfereji. Wala msidhani kwamba chokaa ni dhaifu. Nendeni Tongoni, mtazame magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, yaliyojengwa kwa vitu hivyo hivyo miaka mia tano na zaidi iliyopita. Nguzo nyingi zimekwisha anguka, lakini kuta zingali zikionekana. Chokaa huvumilia miaka. Haivumilii pigo la ghafula.

Utajuaje hali ya ukuta wako? Pita nao polepole, ukiugonga kwa kifundo cha kidole. Ukisikia sauti ya utupu, kama ya ngoma, lipu imeachana na jiwe. Kisha ukwaruze kidogo kwa msumari mahali pa siri. Ukipukutika kama unga, mashine isiuguse. Nyufa uzibe kabla ya kuosha, na kila ukuta uzibwe kwa kitu cha namna yake. Usizibe ukuta wa chokaa kwa saruji, kwa maana saruji huuzuia unyevu usitoke, na unyevu uliofungiwa ndani huoza lipu iliyo kandokando yake. Na ukiziba ukuta wa saruji kwa saruji, ungoje majuma manne ipate kukomaa.

Jambo la tatu ni paa. Nyumba kadha wa kadha za zamani zimeezekwa kwa mabati ya asbesto, yaliyo ya kijivu na mazito. Hayo yasioshwe kwa mashine hata kidogo. Maji ya nguvu huyachakura na kutawanya nyuzi zake nyembamba mno. Zikikauka hupeperuka, na mtu akizivuta huweza kupata maradhi ya mapafu, hata saratani, baada ya miaka mingi.

Jambo la nne ni umeme. Siku ya kazi zima swichi kuu. Funika mita, taa za nje na kila tundu la waya kwa plastiki iliyofungwa barabara. Ukiona waya uliochubuka, mwite kwanza fundi wa umeme. Yule wa kuosha atangoja.

Jambo la tano ni maji ya kunywa. Wengi wetu twakinga maji ya mvua. Uondoe mfereji wa paa uingiao katika tangi, na tangi na kisima uvifunike, ili kuvu na dawa visiingie. Tena muulize fundi atatumia maji kiasi gani. Mashine ndogo huweza kutumia lita 300 hata 500 kwa saa. Kwa hiyo jaza mapipa mapema, usije ukamaliza maji ya jirani.

Jambo la sita ni vitu na viumbe. Ondoa viti, majamvi, nguo kambani na wavu wa madirisha. Funga madirisha na milango. Mlango wa nakshi ufute kwa kitambaa chenye unyevu, wala usipigwe maji ya mashine. Kama fundi atatia dawa yenye klorini, mimea iliyo karibu na ukuta uilowe maji kwanza, kisha uisuuze baadaye. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na siki wala na dawa ya choo yenye asidi, maana hutoa hewa ya sumu. Kuku na mbuzi wafungwe mbali. Jirani naye apewe habari siku moja kabla, apate kuanua nguo zake.

Na watoto, wasikilizaji wangu, watoto! Wao hupenda kuchezea maji. Maji ya mashine hutoboa ngozi na kuingiza uchafu ndani ya nyama. Jeraha laweza kuonekana dogo kama tundu la sindano, kumbe ndani limeharibu sana. Mtu akipatwa na jeraha kama hilo, apelekwe hospitali saa ile ile.

Yote yakiisha kuwa tayari, zunguka nyumba pamoja na fundi. Mwonyeshe penye lipu dhaifu, umwambie aanze kujaribu nyuma ya nyumba, akisimama mbali, kwa maji yaliyotawanyika kama ufagio, si kwa mshale mmoja mwembamba. Akisogea karibu asogee kidogo kidogo. Fundi mwema hatachukizwa na maneno hayo. Baada ya kuosha, uache ukuta ukauke kabisa kabla ya kuupaka rangi.

Nyumba ya mama ingali imesimama. Kila mwaka, masika yakiisha, mimi na dada yangu twaenda na ndoo zetu na brashi, na mama hukaa chini ya mwembe akitwelekeza mahali pa kusugua na mahali pa kupita kwa mkono mwepesi. Kazi hutuchukua siku mbili, na lipu haianguki.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nauongezea methali hiyo neno moja tu: kabla hujauosha ukuta, muulize aliyeujenga, na kama hayupo, muulize aliyekaa naye.