Walio Nje ya Geti Nao Wana Majina

Maneno yaliyotolewa mjini Goma mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wao

Najua kuna mama hapa aliyeacha ndizi zake sokoni zikiangaliwa na jirani, kwa hiyo sitawachosha.

Leo nataka tuongee juu ya filamu. Labda mmoja wenu anajiuliza: tumekosa unga, huyu anatuletea habari za filamu? Naomba mnivumilie kidogo, mtaona ninakokwenda.

Siku chache zilizopita niliketi na watoto wetu katika chumba cha video. Walionyeshwa filamu ya vita, zile za gharama ndogo. Ubalozi wa nchi kubwa umezingirwa katika nchi maskini ambayo haikutajwa jina. Ndani kuna balozi na askari wachache. Nje kuna umati unaopiga kelele, una mawe, una panga, una bunduki. Askari wanapiga, umati unaanguka. Helikopta ni ile ile moja, inapita mara nyingi. Fedha zilikuwa kidogo hata watu wa kuanguka hawakutosha: nilimwona bwana mmoja wa shati jekundu akifa mara tatu.

Watoto walicheka, nami nikacheka. Ilipokwisha, kijana mmoja, sidhani kama amefika miaka kumi na miwili, akaniuliza: «Wale wa nje walikuwa wanataka nini?»

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Filamu haikusema. Askari wa ndani alikuwa na jina, alikuwa na mke, alikuwa na picha ya mtoto wake mfukoni. Yule wa shati jekundu hakuwa na jina, hakuwa na mama, hakuwa na sababu. Kazi yake ilikuwa kuanguka. Basi nikajiuliza: watoto wetu wanapotazama, wanajiona upande gani wa geti?

Msidhani hiyo ni hadithi ya mbali. Ilitokea katika nchi yetu, mjini Kisangani, ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville. Tarehe 5 Agosti 1964, waasi waliojiita Simba waliuchukua mji. Konsuli wa Marekani, Michael Hoyt, na wenzake walijifungia katika chumba cha chuma cha kutunzia hati, huku risasi zikipigwa mlangoni. Baadaye walishikwa mateka, na wageni wengine wengi nao wakazuiliwa mjini. Mazungumzo yalijaribiwa Nairobi mbele ya Jomo Kenyatta, yakashindikana. Siku ya 111, tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Ubelgiji walirushwa kutoka ndege za Marekani. Asubuhi hiyo baadhi ya mateka waliuawa barabarani kabla ya kufikiwa. Mamia waliokolewa. Hoyt alirudi kwao, na miaka mingi baadaye akaandika kitabu juu ya siku zile.

Ni vizuri aliandika. Mateso yake yalikuwa ya kweli. Lakini Wakongo waliouawa katika uasi ule, na katika kuuzima, ni maelfu. Waliuawa na Simba, na wengine waliuawa na wale waliokuja kuwafukuza Simba. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Tuna wazee katika nchi hii ambao bado wanatafuta kaburi la baba.

Filamu hizi zinatufundisha pia kwamba risasi ndiyo inayomaliza jambo. Watu wengi wanakumbuka ubalozi wa Iran mjini London, mwaka 1980, kwa sababu ya makomando walioshuka kwa kamba. Lakini wale makomando waliingia siku ya sita. Watu sita wenye silaha walikuwa wameshika mateka 26. Kwa siku zote za kabla, polisi waliongea nao, na mateka watano walitoka kwa mazungumzo, wakitembea kwa miguu yao. Kisha mateka mmoja akauawa, ndipo makomando wakaingia, na mateka mwingine akafa. Kumi na tisa walitoka hai. Sisemi kwamba maneno yanatosha kila siku. Nasema tusiwasahau wale watano. Hakuna aliyekufa ili wao watoke.

Sasa turudi nyumbani, na hapa naomba tuongee kwa ukweli. Tarehe 25 na 26 Julai 2022, watu waliingia katika majengo ya MONUSCO hapa Goma. Hasira ilikuwa na sababu: walinda amani wamekuwa nchini tangu 1999, na watu waliendelea kukimbia. Lakini siku ile ya pili ilipokwisha, Goma na Butembo zilikuwa zimehesabu maiti wasiopungua 15, na watatu kati yao walikuwa watu wa Umoja wa Mataifa. Vitu vya ofisini vilibebwa. Mimi nawauliza: ni nani kati yetu aliyerudi kijijini kwake kwa sababu ya kiti kilichobebwa siku ile?

Tena mwaka 2025. Tarehe 27 Januari M23 iliingia Goma. Siku iliyofuata, mjini Kinshasa, waandamanaji walishambulia balozi: ya Rwanda, ya Ufaransa, ya Ubelgiji, ya Marekani, ya Uganda, ya Kenya. Matairi yalichomwa, vitu viliporwa. Waliofanya hivyo walisema wanalia kwa ajili yetu. Dunia ikapiga picha za moshi kwenye mageti. Na sisi? Shirika la Afya Duniani na wenzake walihesabu watu wasiopungua 700 waliouawa Goma na pembezoni kati ya tarehe 26 na 30 Januari. Uchungu wetu ndio uliowatoa watu barabarani, lakini picha iliyobaki ni ya geti linaloungua.

Ubalozi una sheria inayoulinda. Ni Mkataba wa Vienna wa 1961. Unasema serikali ya nchi haiwezi kuingia ubalozini bila ruhusa, na ina wajibu wa kuulinda usivamiwe. Sheria hiyo ni nzuri, kwa sababu bila mjumbe hakuna mazungumzo. Wazee wetu walijua hilo kabla ya Vienna: mjumbe hauawi.

Lakini wababa na wamama, na sisi tuna sheria yetu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 kuhusu waliohama makwao ndani ya nchi zinakataza kushambulia kambi zao. Umoja wa Afrika nao ulipitisha Mkataba wa Kampala mwaka 2009 ili kuwalinda watu kama ninyi. Maana yake ni kwamba ukuta wa turubai una haki ya kuheshimiwa, kama vile ukuta wa saruji wenye bendera juu yake. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka katika kambi za Mugunga na Lac Vert. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Hapakuwa na askari shujaa getini, kwa sababu hapakuwa na geti. Sheria ilivunjwa pale kama inavyovunjwa ubalozi unapovamiwa, na tuna haki ya kulisema hilo kwa sauti ile ile. Lakini tutalisemaje kwa nguvu, kama sisi wenyewe tunavunja ukuta wa mwingine?

Basi tufanye nini? Nina mambo manne, yote ni madogo.

La kwanza ni kwa wazazi. Msiwafukuze watoto kwenye video, watakwenda kwa siri. Keti nao siku moja. Filamu ikiisha, uliza maswali matatu: Ni nani aliyekuwa na jina? Wale wa nje walitaka nini? Ni nani angeweza kuongea kabla ya risasi ya kwanza?

La pili ni kwa viongozi. Mkisikia kijana anasema «twende tukavamie», msianze kwa kumtisha. Muulize habari ameitoa wapi, na nani ameihakikisha. Maneno ya simu yanakimbia kuliko pikipiki. Kama malalamiko ni ya kweli, chagueni watu watano, wawili wawe wanawake na mmoja awe kijana, waandike barua, waipeleke, wadai karatasi ya mapokezi. Najua barua nyingi hazijibiwi. Lakini barua iliyopokelewa inabaki kuwa ushahidi, na hakuna mama anayeomboleza kwa sababu ya barua.

La tatu ni letu sote. Tuandike majina. Kila familia iwe na daftari: nani alipotea, wapi, tarehe gani. Lihifadhiwe mahali salama, lisionyeshwe kwa kila mtu. Siku ya haki ikifika tutaulizwa majina.

La nne ni kwa vijana. Mnapenda filamu, basi tengenezeni. Huko Wakaliga, Kampala, Nabwana alitengeneza filamu ya mapigano, «Who Killed Captain Alex?», iliyotoka 2010. Inasemekana ilimgharimu chini ya dola 200. Waigizaji ni majirani, bunduki ni za kutengenezwa kwa mikono. Hapa Goma kwenyewe Yolé!Africa imefundisha vijana wengi kushika kamera. Kwa hiyo msiseme haiwezekani. Tutengenezeeni filamu ya geti, lakini kamera iwekeni upande wa nje. Yule wa shati jekundu mpeni jina. Mpeni mama anayemngoja na unga jikoni. Halafu tuone kama bado mtataka aanguke.

Yule kijana aliyeniuliza swali bado nina deni lake. Nilimwambia nitamjibu nikishaongea na wazee wake. Jioni hii, mkifika nyumbani, mtoto akiwauliza watu wa nje wanataka nini, mwambieni ukweli wenu: tunataka kurudi, tunataka kulima, tunataka kulala bila kusikia mizinga. Mwambieni pia kwamba hayo yote yanaweza kusemwa bila kuvunja geti la mtu.

Amani ikae nanyi na nyumba zenu, hata zile ambazo bado hamjazirudia.