Chumvi Haitoshi: Kinga ya Mwili na Tezi ya Shingo
Mhadhara wa umma, Azaiba, Maskati



Wengi wetu humu ukumbini tuna bibi au shangazi aliyezaliwa Unguja, Pemba au Tabora. Muulize habari za rovu, atakujibu kwamba hayo ni maradhi ya watu wa milimani. Mtu wa pwani anayekula samaki kila siku, rovu litamtokea wapi? Bibi hakukosea. Alikuwa akisema habari za rovu alilolijua yeye.

Rovu hilo lilitokana na upungufu wa iodini. Mvua huiosha kwenye udongo wa milimani, mito ikaichukua hadi baharini, na tezi ya thairoidi bila iodini haiwezi kutengeneza homoni zake. Inajitanua ikijaribu kunasa hata hicho kidogo. Kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu huko Kongo mashariki, kilisomwa sana na madaktari tangu miaka ya 1960. Upande wa kaskazini rovu lilienea vibaya, na walikuwapo watoto waliozaliwa wamedumaa kimo na akili. Muhogo usiolowekwa vizuri uliongeza balaa, kwa sababu sumu yake huizuia tezi kuipokea iodini. Chumvi yenye iodini imeokoa vizazi, Oman na Tanzania pia, na sitaki mtu atoke hapa leo akaache kuitumia.

Lakini hapa Azaiba tuko ufukweni, chumvi yetu ina iodini, nguru na jodari hawakosekani mezani. Mbona bado tunawaona akina mama waliovimba uso, wanaosikia baridi Julai, sauti imekwaruza, choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana? Hawa hawakukosa iodini. Tezi yao inaliwa na kinga ya mwili wao wenyewe.

Wa kwanza kuiona tezi ya namna hiyo vizuri alikuwa Hakaru Hashimoto, daktari kijana wa upasuaji wa Fukuoka, Japani. Mwaka 1912 alichapisha, kwa Kijerumani, habari za wanawake 4 waliokatwa rovu. Chini ya hadubini hakuona tezi tupu iliyotanuka. Aliona chembe nyeupe za damu zimejazana na kupiga kambi katikati ya nyama ya tezi, na nyama yenyewe inakauka kuwa makovu. Kwa nini zimekwenda huko, hakueleza, na zama zile asingeweza: mtaalamu wa kinga Paul Ehrlich alikuwa ameshawaaminisha wakubwa wa tiba kwamba mwili haujidhuru. Hashimoto alirudi kwao kutibu wanakijiji, akafa mwaka 1934. Jibu lilikuja 1956. Jijini London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walikuta kwenye damu ya wagonjwa wa maradhi hayo antibodi zinazoshika protini ya tezi. Mwaka huohuo Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky walionyesha kwamba sungura akidungwa dondoo la tezi ya sungura, kinga yake huishambulia tezi yake mwenyewe.

Tangu hapo watu wamezishikilia antibodi kupita kiasi. Mgonjwa ananiletea karatasi ya maabara, namba ya antibodi za TPO, mojawapo ya protini za tezi, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, anauliza tutaishushaje. Namwambia tuiache. Kazi kubwa ya kuua tezi inafanywa na chembe nyeupe zenyewe. Antibodi ni ushahidi zaidi kuliko silaha, na wapo wengi wanaoishi nazo tezi ikiwa salama. Namba ya kuifuatilia ni TSH, ile amri ya ubongo kwa tezi, inayopanda tezi inapochoka.

Kila mmoja wetu ana chembe zinazoweza kuishambulia tezi. Kinachotuponya ni breki zinazozizuia chembe hizo. Shimon Sakaguchi, mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025, alianzia kwa panya waliotolewa tezi ya thaimasi siku 3 tu baada ya kuzaliwa. Bila thaimasi breki hazikukomaa, na miongoni mwa viungo vilivyoshambuliwa ni thairoidi. Hata dawa mpya za saratani, zilizowapa Nobel James Allison na Tasuku Honjo mwaka 2018, zinafanya kazi kwa kulegeza breki ili kinga iukabili uvimbe. Baadhi ya wagonjwa, miezi michache baadaye, tezi yao inazimika.

Hapo ndipo ninapoulizwa: basi mbona hamtibu kinga, mnatupa homoni tu? Swali ni la haki. Dawa za steroidi zinaweza kuituliza tezi kwa muda, lakini ukiziacha vita vinarudi, na gharama yake ni sukari, mifupa na maambukizi. Kwa maradhi ambayo homoni iliyokosekana inarudishwa kwa kidonge, mimi naona biashara hiyo ni ya hasara. Mwaka 1891 huko Newcastle, daktari George Murray alimdunga mwanamke wa miaka 46, ambaye tezi yake ilikuwa imezimika, dondoo la tezi ya kondoo. Uvimbe wa uso ukanywea, akapata uhai. Baadaye akawa analimeza, akaishi hadi 1919, na kwa hesabu ya Murray zilitumika tezi za kondoo zaidi ya 870. Sisi tunaochinja kila Idi tunaweza kulikisia zizi hilo. Leo kidonge kidogo cha levothairoksini kinatosha, kwa mtu mzima ambaye tezi imezimika kabisa ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito.

Kinachoharibu mara nyingi ni namna tunavyokimeza. Kidonge kinataka maji matupu na tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula. Chai ya maziwa na kahawa zingoje. Vidonge vya kalsiamu na madini ya chuma vikae mbali kwa saa 4. Ramadhani, wengine wanaona wepesi kumeza usiku wa kulala, saa 3 baada ya kula. Chagua wakati, shikamana nao. Usikiache ndani ya gari kiangazi cha Maskati. Na hizo dawa za nywele zenye bayotini, acha siku 2 kabla ya kupima, maana huvuruga vipimo hata tezi iliyolala ikaonekana inakimbia. Ama vidonge vya mwani wa baharini vinavyouzwa kama dawa ya tezi, hivyo sivionei huruma: iodini ya kupindukia huichochea kinga na kuizidishia tezi inayougua mzigo.

Mwanamke anayetumia levothairoksini akishika mimba asingoje miadi; apige simu siku hiyohiyo. Mahitaji yake hupanda kwa robo au zaidi, na kwa wiki za mwanzo mtoto anategemea homoni ya mama. Antibodi za mama huvuka kondo la nyuma, na kwa kawaida hazimdhuru mtoto. Mara chache sana huizuia tezi yake kwa wiki au miezi michache. Ndiyo maana damu ya kitovu inayochukuliwa hospitalini kupimia TSH ina faida hata kwa mtoto anayelia vizuri na kunyonya vizuri: kwa macho matupu, siku ya kwanza, hata daktari hawezi kumtambua mtoto ambaye tezi yake imezuiwa.