BANDARI YA MTWARA: GATI PEKE YAKE HALITOSHI



Leo twataka kusema juu ya bandari ya Mtwara. Mungu ametupa ghuba yenye maji marefu, meli kubwa huingia na kufunga gatini. Wenzetu wa Lindi hawana bahati hiyo, maji ya kwao ni machache. Basi imekuwaje watu wa Kusini, wenye bandari nzuri namna hii, wakateseka kwa njia miaka mingi?

Tutazame asili yake. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya mahali palipochaguliwa. Kwa ajili ya karanga hizo ikajengwa reli, na likajengwa gati la Mtwara, ambalo lilimalizika mwaka 1954. Lakini mpango wenyewe ulikwisha kufa mwaka 1951! Gati lipo, karanga hakuna. Reli ikakosa mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vyake viking'olewa.

Ndugu, fundisho liko hapa. Waliopanga hawakumwuliza mkulima wa Newala analima nini, wala wa Masasi anauza wapi. Walihesabu upungufu wa mafuta ya kula huko kwao Uingereza. Njia iliyojengwa kwa zao moja la mgeni hufa pamoja na zao hilo. Korosho ya mwananchi, ambayo haikuwamo katika hesabu yao, ni miongoni mwa mizigo inayoilisha bandari hii mpaka leo.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, tukaachana na kungojea kivuko. Gati jipya la mita 300 limeongezwa. Hata hivyo, Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara huko Somanga, Kilwa. Mabasi na malori yakasimama, na Kusini ikatengwa na Dar es Salaam. Anayetegemea njia moja, mvua ya siku chache yatosha kumfunga.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, mazao ya Kusini yapakiwe Mtwara, ili kazi ya makuli, madereva na walinzi wa maghala ibaki kwa watoto wetu. Pili, reli inayozungumzwa ya kwenda Mbamba Bay ipimwe kwa mizigo mingi: korosho, ufuta, mbaazi na makaa ya mawe, isitegemee kitu kimoja kama ile ya kwanza. Tatu, ziwepo meli za pwani za abiria na vyakula kati ya Mtwara, Lindi, Kilwa na Dar es Salaam. Mafuriko hukata barabara, hayakati bahari.

Tukiulizwa na wapangaji, tujibu kwa hesabu. Wasipotuuliza, twende tukawaambie.