Kumbukumbu Ni Amana, na Iandikwe

Katika vijiji vya Shinyanga na katika machimbo ya Geita, swali hili halikosi wa kulijibu: ulikuwa wapi siku ile? Wazee wataanza na Alhamisi ya tarehe 12 Aprili, 1984. Watu wa makamo watataja Alhamisi nyingine, ya tarehe 14 Oktoba, 1999. Vijana watataja usiku wa tarehe 17 Machi, 2021.

Siku ya kwanza alifariki Waziri Mkuu, Ndugu Edward Moringe Sokoine, kwa ajali ya gari mkoani Morogoro, akitoka Dodoma. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa kwa redio. Wakati huo redio vijijini zilikuwa chache na betri zilikuwa adimu. Aghalabu watu walisikiliza wakiwa wamekusanyika kwa jirani. Ndiyo maana kumbukumbu ya msiba ule ni kumbukumbu ya kijiji kizima: nani alikuwa na redio, nani alilia, nani alikataa kuamini. Bidhaa zilikuwa haba, na marehemu ndiye aliyeongoza vita dhidi ya walanguzi iliyoanza mwaka 1983. Wapo waliojiuliza papo hapo ni nani sasa atakayemkabili mlanguzi. Wapo pia wasemao kwamba walionewa katika msako ule. Historia ya kweli yapasa iwasikilize wote.

Siku ya pili alifariki Mwalimu, katika Hospitali ya St Thomas' mjini London, na Rais Mkapa akatoa habari hiyo. Mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa bado haujaanza kuzalisha. Wachimbaji wadogo walikuwa wakishuka katika maduara yao kama kawaida. Aliye chini ya duara hana redio. Huyapata ya duniani apandapo juu.

Siku ya tatu alifariki Rais Magufuli, na Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, akatangaza usiku. Kwa watu wa Geita huyu alikuwa mtoto wa nyumbani, mzaliwa wa Chato, na huko ndiko alikozikwa tarehe 26 Machi. Safari hii wengi waliipata habari kwa simu ya mkononi, kila mtu kwa yake.

Ndugu wananchi, hapana shaka kila asimuliaye anaamini asemayo. Lakini kuamini si kukumbuka. Mwaka 1986, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilipolipuka, mtaalamu Ulric Neisser aliwataka wanafunzi waandike, asubuhi iliyofuata, walikuwa wapi walipopata habari. Baada ya miaka karibu mitatu aliwauliza tena 44 kati yao. Robo yao walikosea kila jambo la msingi, na wengi walikuwa na hakika kabisa. Hata walipoonyeshwa maandishi ya mikono yao wenyewe, wapo walioshikilia masimulizi mapya.

Kama kijana msomi husahau katika miaka mitatu, mzee asiyeandika popote atahifadhije mambo ya miaka arobaini? Pengo hilo ndilo linalojazwa na uvumi, na uvumi ukirudiwa mara nyingi huvaa joho la historia. Wakati huohuo, waliokuwa watu wazima mwaka 1984 wanapungua kila mwaka.

Wajibu basi ni wa kila kaya na kila shule. Mwanafunzi achukue daftari, amwendee babu au bibi, aulize: ulikuwa wapi, na nani, nani alikwambia, siku iliyofuata ulifanya nini? Kisha amwendee jirani aliyekuwepo, amuulize peke yake. Wanapokubaliana, aandike, wanapotofautiana, aandike pia, bila kumsahihisha yeyote. Madaftari hayo yatunzwe shuleni au katika ofisi ya kijiji.

Viongozi wakuu wana makaburi yanayotunzwa na taifa. Kumbukumbu ya mkulima wa pamba na mchimbaji wa dhahabu haina mtunzaji mwingine ila watoto wao.