Faili la Chuo: Lipi Siri, Lipi Lako?

Msikilizaji wa Kenya, chuo kikuu cha umma ni chako, lakini si kila faili lake ni lako. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inalinda faragha ya mtu, kama vile alama za mwanafunzi au hali yake ya afya. Utauliza: je, hiki si kichaka cha kufichia ufisadi? La. Faragha ni ya mtu, si ya fedha za umma. Tena manufaa ya umma yakizidi madhara, mahakama inaweza kuamua habari itolewe.

Basi andika ombi. Subiri siku 21. Ukinyimwa, dai sababu, kisha nenda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma, ndani ya siku 30 tangu kujulishwa uamuzi. Kumbuka: si kila faili ni lako, lakini anayekunyima lazima atoe sababu.