KUPAKA KUTA ZA NYUMBA: MCHWA, MAJI NA POVU LA ULIMBO

Maneno ya monita kwa wakulima wa Uvira na wa kando ya ziwa



Leo sitasema habari za kupanda wala za kupalilia. Nitasema habari za ukuta. Labda mmoja atauliza, "Monita wa shamba ana kazi gani na ukuta?" Kazi iko. Mahindi ya Luberizi na Sange, mpunga wa bonde la Ruzizi, muhogo mkavu wa Makobola na Swima, vyote hulala ndani ya nyumba. Ukuta ukiwa mgonjwa, chakula huugua, na mwenye kukila huugua naye.

Tena watu wananiuliza juu ya dawa mpya ya kuta. Hutoka katika chupa au pipa kama maji mazito, huvimba kuwa povu, kisha hukauka na kushika ukuta sana. Wanasema, "Tukipaka hiyo, mchwa hawatapita wala maji hayataingia." Wako tayari kutoa fedha ya mavuno. Fedha ya mavuno haiji kila siku. Basi, kabla hatujaitoa, na tuangalie neno hili.

Kwanza, povu hili ni nini? Ni namna ya ulimbo. Ulimbo si jambo geni kwetu. Zamani wafanya biashara wa Unguja waliuza ng'ambo sandarusi, ulimbo mgumu unaochimbwa katika udongo wa pwani ya bara. Ulimbo wa namna hiyo ulitoka Kongo pia, katika misitu ya Ekwateri. Wazungu waliuyeyusha na kufanya vanishi ya kupaka mbao. Lakini ulimbo wa povu hautoki katika mti. Hufanywa na mabwana wa kemia. Otto Bayer na wenzake waliuvumbua Ujerumani katika mwaka 1937. Maji mawili huchanganywa, yakikutana huchemka na kutoa hewa, nayo hewa hufungwa ndani kama katika mkate uliochachuka.

Kazi yake nzuri ni kuzuia joto. Friji imejazwa povu hilo katika kuta zake. Sanduku la barafu la kuwekea ndagala na mikeke, likijazwa povu hilo, huhifadhi baridi muda mrefu. Kwa kazi hiyo nalisifu.

Sasa tuwatazame adui wetu wawili, maana mtu asiyejua njia ya mwizi atafunga mlango usiopitwa.

Adui wa kwanza ni maji. Mnadhani huingia kwa mvua inayopiga ukuta. Ni kweli, lakini njia kubwa zaidi iko chini. Ukitia mwisho wa kitambaa katika maji, maji hupanda. Udongo wa potopoto na tofali bichi hufanya vile vile: hunywa maji ya ardhi na kuyapandisha ndani ya ukuta. Kando ya ziwa, ambako maji ya ardhi yako karibu, jambo hili ni kubwa zaidi.

Adui wa pili ni mchwa. Yeye naye hutoka chini. Hapendi jua, hapendi ukavu. Mwili wake ni laini, akikaa kwenye hewa kavu hufa upesi. Kwa hiyo hujenga njia yake ya udongo, kama bomba dogo, na kupanda ndani yake mpaka kwenye fito, milango na mapaa. Mnaona, adui hawa ni marafiki. Penye ukuta wenye maji, mchwa hufurahi.

Basi, tukipaka povu juu ya ukuta huo, inakuwaje? Maji yaliyo ndani ya ukuta hayapati njia ya kutoka. Ukuta hauwezi kupumua. Udongo hulainika nyuma ya povu, nasi hatuoni. Mchwa hali povu, maana halina chakula chake, lakini hulitoboa kwa meno na kupita. Ndani yake hupata giza na mahali pa kujificha. Njia zake za udongo, ambazo zamani ungeziona na kuzivunja kwa jembe, sasa zimefunikwa na kitu ulichokinunua mwenyewe. Katika sehemu za kusini za Marekani zenye mchwa wengi sana, kanuni za ujenzi zimezuia kutia povu la namna hii chini ya ardhi kwenye kuta za nyumba, kwa sababu hii.

Tena jua hulila povu likiwa wazi: huwa manjano, kisha hupukutika kama unga. Likishika moto, moshi wake ni sumu. Na maji yake kabla hayajakauka huumiza mapafu ya mpakaji asiye na kifuniko cha kufaa cha kupumulia.

Mzee mmoja aliniambia, "Kama ni hivyo, nitapiga plasta ya simenti." Nayo ina neno lake. Simenti ni ngumu, udongo ni laini. Udongo huvimba na kunywea, simenti haifuati, basi hupasuka. Maji huingia katika ufa na hayatoki. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe na chokaa, zikadumu miaka mingi. Pale watu walipozitengeneza kwa simenti, unyevu na chumvi vilifungwa ndani, na kuta zikaanza kuharibika. Mafundi wakafundishwa tena kazi ya chokaa.

Sasa tufanye nini? Nitasema mambo matano, kwa utaratibu wake. Asiyefanya la kwanza asiruke mpaka la tano.

La kwanza, mguu wa nyumba. Jenga msingi wa mawe, upande juu ya ardhi sentimeta 30 au zaidi. Mawe yako tele katika mito yetu. Juu ya mawe tandika kitu kisichopitisha maji, kama karatasi ya lami au nailoni nene isiyo na tundu.

La pili, kofia ya nyumba. Paa litoke nje ya ukuta sentimeta 60 au zaidi, ili mvua ianguke mbali. Chimba mfereji wa kupeleka maji mbali na ukuta.

La tatu, mahali pa kutazama. Kati ya ardhi na mbao ya kwanza au plasta, acha jiwe wazi, angalau sentimeta 15. Usiegemeze kuni hapo, wala usirundike takataka. Mwenye bati atandike kipande juu ya msingi wote, ncha yake itoke nje sentimeta 5 na kukunjwa kuelekea chini. Bati halimwui mchwa, bali humlazimisha kupita nje unapomwona. Pita kila juma ukatazame. Ukiona njia yake, ivunje, ufuate mpaka unakotoka.

La nne, mpako. Ukuta wa udongo upakwe udongo mwema uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwa. Juu yake paka chokaa iliyozimwa kwa maji, tabaka nyembamba nyembamba. Chokaa huvuta hewa na kurudi kuwa kama jiwe, lakini huacha ukuta upumue. Angalieni, chokaa huunguza macho na ngozi. Watoto wakae mbali. Mpako huu hudai kurudiwa, nao ndio mpango wake: anayerudia hutazama, na anayetazama huona adui mapema.

La tano, chakula. Mahindi yakauke kabisa kabla ya kuingia ndani. Weka magunia juu ya kichanja, mbali na ukuta sentimeta 30. Mama zangu, neno hili ni lenu hasa. Mwaka 2004 huko Kenya, katika Makueni na Kitui, watu walihifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Yaliota ukungu wenye sumu inayoharibu ini. Waliugua watu 317, wakafa 125. Sumu ile haiondoki kwa kupika.

Nisiwadanganye: hakuna mpako unaoshindana na mto. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe ulipojaa, ulichukua nyumba za udongo na za matofali pia, na watu wengi walikufa. Ziwa nalo lilipanda katika mwaka 2021 na tena mwaka 2024, likaingia katika nyumba za Kavimvira na Kalundu. Aliye kando kabisa ya mto au ziwa asitoe fedha yake kwa mpako, bali aiweke kwa kutafuta kiwanja cha juu.

Kazi hii ifanyike Juni, Julai na Agosti, wakati ukuta ni mkavu. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi huruka kutafuta makao mapya, nawe umechelewa.

Basi, fedha ya mavuno mkiwa nayo mkononi, nunueni kwanza chokaa na bati. Mawe yako mtoni, udongo uko shambani, na macho mnayo. Kesho nitapita kwa kila mtu anayetaka, tuutazame mguu wa nyumba yake pamoja.